Aliyeingia ni OFISI

Kwa miaka miwili nilifanya kazi na mtu mmoja mchapakazi kupita wote, na hakuwa na mwili. Aliitwa OFISI. Yeye ndiye aliyewasha kompyuta asubuhi, yeye aliyeingiza kilo za wakulima, yeye aliyechapa barua za mwenyekiti, na umeme ukirudi saa tatu usiku yeye huyohuyo alicheza karata kwenye skrini. Nywila yake ilikuwa korosho1. Niliiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha karatasi, nikakibandika kwa selotepu chini ya skrini ya mezani kwangu ili watu wasinisumbue kuniuliza.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho, kule juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kununua kwa ndoo na vumbi ni la bure. Jina lake nalihifadhi, maana wengi waliokuwepo bado wapo na baadhi yao tunasalimiana vizuri. Tulikuwa watu saba na kompyuta nne. Mimi nilitoka Mikindani na cheti changu cha kompyuta, nina miaka 24, nikapewa cheo cha karani na kazi ya kila kitu chenye waya.

Wiki ya kwanza nilifanya kama nilivyofundishwa: kila mtu akaunti yake, kila mtu nywila yake. Siku ya pili dada wa stoo akasema printa haionekani kwake. Siku ya tatu mhasibu akalalamika kwamba faili alilohifadhi jana limepotea. Halikupotea, alilihifadhi kwenye akaunti ya mwenzake aliyemwachia kiti bila kutoka. Siku ya nne nikachoka. Nikafuta akaunti zote, nikatengeneza moja tu, OFISI, nikaipa mamlaka yote ya msimamizi, na printa ikaonekana kwa wote. Mwenyekiti alinisifu kwenye kikao, akasema binti ametuondolea usumbufu. Nilifurahi. Nani asingefurahi?

Anayetoka kusini anajua kazi ilivyo, lakini kwa wengine niieleze kidogo. Mkulima analeta korosho chamani, zinapimwa, zinapangwa madaraja, anapewa stakabadhi. Sisi tunaingiza kwenye jedwali jina lake, kilo zake, daraja, na namba ya akaunti yake ya benki. Mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, na mnunuzi akishalipa, orodha yetu ndiyo inayoiambia benki nani apewe ngapi. Kwa hiyo jasho la mwaka mzima la mtu, palizi, salfa ya kupulizia ubwiri unga, kuokota juani, mwisho wake linakaa kwenye mstari mmoja wa Excel. Ghala letu dogo lilikuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti, mwingine kwa dada wa stoo, na hakuna aliyeweza kuingia peke yake. Ile orodha ilikuwa na selotepu.

Msimu wa 2017/18 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga, walioa, walinunua pikipiki. Ofisini tulilala saa sita za usiku, na umeme wa mwaka ule ulikuwa wa kuvizia: ukija unaukimbilia, hujui utakaa dakika ngapi.

Bibi mmoja alikuja asubuhi, ametembea. Nikamwamkia, akaitika, akakaa kwenye benchi, akafungua kitambaa alichofungia stakabadhi zake. Alikuwa ameleta kilo 612. Benki walimwambia hela imeingia, lakini alipoitazama ilikuwa ya kilo 87. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mjukuu wangu, mimi sijui kusoma, lakini gunia zangu nazijua."

Tukafungua orodha. Jina lake lipo, kilo zake zipo, 612, sawasawa. Namba ya akaunti haikuwa yake. Mwenyekiti akaniambia niangalie nani aliligusa faili. Nikabofya sifa za faili, kukawa na mstari wa mtu aliyelihifadhi mara ya mwisho, nikausoma kwa sauti kabla sijafikiri.

"OFISI."

"OFISI ndiyo nani?" akauliza.

Nilitegemea mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Watu saba tulikuwa chumbani, na wote saba tulikuwa OFISI.

Mahali palipo na jambo na hapana jina, jina hutafutwa. Likaangukia kwa kijana wa mizani. Hakuwa na kosa lililojulikana, ila alikuwa mgeni kuliko wote, alikuwa na simu mpya, na kuna mtu alimwona amekaa kwenye kompyuta jioni ya siku ile. Kila mtu alikaa kwenye kompyuta jioni ile, mimi nikiwemo. Lakini yeye ndiye aliyekumbukwa. Akaambiwa apumzike nyumbani hadi uchunguzi uishe, na sote tunajua "pumzika nyumbani" maana yake nini.

Baada ya siku tatu mjomba wake alikuja. Kwetu huku mjomba akija, mambo yamekuwa mazito. Baba anaweza kuomba radhi, mjomba anakuja kuuliza. Alivua kofia, akakataa soda, akanigeukia mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa mbele ya mashine.

"Mwanangu, hiyo mashine si inaandika kila kitu?"

"Inaandika, mjomba."

"Basi iulize."

Nikashindwa kumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba nimekwisha iuliza na imenijibu kwa jina nililolitunga mwenyewe?

Jibu nililipata baada ya wiki karibu tatu, na si kwenye kompyuta. Nilichapa orodha nzima, nikachukua vitabu vya stakabadhi, nikawa nalinganisha mstari kwa mstari kwa rula na penseli. Bibi hakuwa peke yake. Mistari 14 iliyofuatana ilikuwa na namba za akaunti zisizo zake, na namba zenyewe zilikuwa zimejipanga kutoka ndogo kwenda kubwa, zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Hapo mwili ulinisisimka. Mwizi hapangi namba za watu 14 kwa utaratibu. Mtu alichagua kipande cha kolamu moja, akabonyeza kupanga, Excel ikamwuliza kama ichukue na kolamu za jirani au iendelee na hiyo moja tu, na yeye, kwa usingizi au kwa haraka ya umeme, akajibu iendelee. Majina yakabaki pale pale, namba zikahama.

Waliopunjwa walikuwa wameanza kuja mmoja mmoja. Kati ya waliozidishiwa alikuja mmoja tu, mzee wa msikitini, na hela mfukoni, haijapungua. Wengine tuliwafuata, na hilo nisilielezee sana.

Kijana wa mizani akasafishwa kwa mdomo. Kwenye mizani alikuwa amekwisha wekwa mtu mwingine.

Sasa nifike ninapokwepa siku zote. Usiku ule, umeme uliporudi, mimi nilikuwa nataka kuchapa orodha kwa alfabeti ili ibandikwe ukutani asubuhi. Nakumbuka nilipanga kitu. Nakumbuka pia kwamba mhasibu alikaa baada yangu, na dada wa stoo alitafuta jina la shangazi yake. Mpaka leo sijui kidole kilikuwa cha nani. Kama kilikuwa changu, kijana alifukuzwa kwa ajili yangu nami nikakaa kimya nikipanga faili. Kama hakikuwa changu, nimejitesa miaka bure. Nywila moja ya watu saba iliwanyima wote: aliyeonewa hakupata pa kujitetea, na mimi sikupata hata pa kujihukumu.

Chuoni tulifundishwa kwamba nywila ni ya kumzuia mwizi wa mbali, yule wa kwenye picha aliyevaa kofia ya sweta. Nilipoanza kusoma zaidi baada ya kisa kile, nikakuta historia inasema vingine. Mwaka 1961 kule chuo cha MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walikuwa na kompyuta moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na nywila ziliwekwa ili kila mmoja awe na mafaili yake na muda wake bila kuingiliana na mwenzake. Yaani toka mwanzo ni kitu cha watu wanaofahamiana, wanaokula pamoja. Na mwaka 1962 tu, mwanafunzi mmoja pale pale, Allan Scherr, akapata njia ya kuchapisha faili zima la nywila ili ajiongezee saa za kutumia mashine. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Kumbe tamaa ya kuingia kwa jina la mwenzako ina umri sawa na nywila yenyewe.

Mwezi wa tano nikamwendea mwenyekiti. Nikamwomba nirudishe akaunti za kila mtu.

"Binti, kwani mimi mwizi?"

Hilo ndilo swali, na sijafika ofisi ambayo sijaulizwa, kuanzia Masasi hadi Lindi mjini. Huku kwetu kumnyima mtu nywila ni kama kumfungia mlango akiwa na ndoo kichwani. Mkubwa akikuomba pasiwedi utaanzaje kumkatalia, ukiwa umemwamkia shikamoo dakika moja iliyopita? Nilimjibu nilichokuwa nimekifikiria wiki nzima: "Mzee, si kwa ajili ya kukushika wewe. Ni ili siku ukisingiziwa, uiulize mashine na ikujibu." Alinyamaza. Nadhani alimkumbuka yule mjomba. Akasema sawa.

Kuhusu printa, niseme ukweli wa aibu. Ilikuwa printa ya mtandao, na kuunganishwa kwake kulikaa kwenye akaunti moja moja. Kuiweka ionekane kwa kompyuta nzima kulinichukua dakika kumi. Mafaili ya pamoja niliyawekea folda moja ambayo wote wanaifikia. Dakika kumi na folda moja. Ndizo nilizokwepa miaka miwili nyuma.

Kila mtu nikampa akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Wengi walidhani nimewashusha cheo. Ukiingia kama msimamizi, programu yoyote unayoifungua inaweza kuomba na kupata mamlaka yako, na kirusi nacho ni programu. Sisi flashi zilikuwa zinazunguka kutoka steshenari hadi ofisini hadi nyumbani, na kila moja ilirudi na wageni wake: folda zimegeuka njia za mkato, mafaili yamefichwa. Akaunti za kawaida hazikumaliza ugonjwa huo, asikudanganye mtu, maana kirusi kinaweza kuharibu hata mafaili ya mtumiaji wa kawaida. Lakini uharibifu ulibaki kwa mtu mmoja, haukushuka hadi kwenye mfumo wenyewe, na mimi nikaacha kupiga Windows upya kila mwezi. Akaunti ya msimamizi nikaiweka kando, ya kusakinisha tu, yenye nywila yake ndefu ambayo niliiandika, nikaitia kwenye bahasha, nikagundisha, mimi na mwenyekiti tukasaini juu ya mdomo wa bahasha, ikaingia sefu. Nikigongwa na bodaboda, ofisi isife na mimi.

Habari ya kuchagua nywila ndiyo iliyotuchekesha. Mwenyekiti alikuwa anaitamka anapoiandika, herufi kwa herufi: s, i, m, b, a, halafu 1936. Mhasibu aliposikia akaguna, maana yake ilikuwa yanga1935. Wakabishana robo saa, si kuhusu usalama. Nikawaambia kwamba nusu ya nchi ina nywila ya wa kwanza na nusu nyingine ina ya wa pili, na hakuna haja ya kuwa na akili kubwa kuzikisia. Kile kirusi kilichoitwa Conficker, kilichojitokeza Novemba 2008 na kuingia katika mamilioni ya kompyuta duniani, kilipopevuka kilikuwa kinatembea na orodha yake mfukoni ya nywila za kawaida, 123456, admin na ndugu zake, kikizijaribu kwenye kila kompyuta ya mtandao mmoja. Kirusi hakichoki. Hakili chakula cha mchana.

Jina la mtoto nililikataa, namba ya simu nikaikataa, na methali nazo nikazikataa. Mhasibu alikuwa amejisifu na habanahaba. Methali kila mtu anaijua, ndiyo maana ikawa methali. Niliwaelekeza wachukue maneno manne yasiyohusiana hata kidogo, kama ndoo, padri, mhogo na taa, na hayo niliyoyataja ndiyo yasichukuliwe. Dada wa stoo, ambaye ni Mmakua, alichanganya Kimakua na Kiswahili, akawa na nywila ya herufi zaidi ya 20 asiyoisahau na ambayo mimi nisingeweza hata kuitamka. Huyo ndiye aliyefaulu kuliko wote.

Kulikuwa na barua kutoka ngazi ya juu ikitutaka tubadilishe nywila kila baada ya siku 30, iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Tulitii. Matokeo yake yalikuwa Korosho@1, mwezi ujao Korosho@2, mwezi unaofuata unajua mwenyewe. Ushauri wa namna hiyo ulienezwa sana na mwongozo ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Mwaka 2017 yeye mwenyewe aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika, na mwaka huohuo NIST ikatoa mwongozo mpya: usimlazimishe mtu kubadilisha kila baada ya muda fulani, mbadilishie pale panapokuwa na dalili kwamba nywila imevuja, urefu ni bora kuliko madoido. Mimi nilifika hapo kwa kuhesabu vikaratasi vilivyobandikwa chini ya kibodi. Kila sheria ngumu niliyoiongeza iliongeza kikaratasi.

Na kikaratasi chenyewe sikipigi vita kama wenzangu wanavyokipiga. Mama wa miaka 58 akiandika nywila yake ndefu kwenye daftari, daftari likakaa kwenye droo yenye ufunguo, mimi nalala usingizi. Mhalifu wa kwenye intaneti hawezi kufungua droo iliyoko Newala. Ninachokataa ni selotepu kwenye skrini.

Nilikosea tena, kwa bidii ya mtu aliyeungua. Niliweka kwamba mtu akikosea nywila mara tatu akaunti inajifunga nusu saa. Jumatatu asubuhi, wakulima wamejaa barazani, watu wanne kati ya saba wamejifungia nje, vidole vimelala wikiendi nzima. Nikapandisha hadi mara 10 na kufungwa dakika 15. Mtu aliyesahau zinamtosha mara 10, na mashine inayokisia maelfu haifiki popote kwa mara 10.

Jambo ambalo sikulisoma kitabuni ni betri ya saa. Nilikuwa nimewasha kumbukumbu za kuingia kwenye Windows, zile ambazo tukio namba 4624 ni la aliyeingia na 4625 ni la aliyejaribu akashindwa. Nilijiona nimefika. Siku mhasibu alipouliza nani alifungua kompyuta yake Jumamosi, nikaenda kwa madaha kumwonyesha, nikakuta Jumamosi ile haipo. Kulikuwa na mambo mengi yaliyotokea Januari 2009. Kile kibetri kidogo cha mviringo, CR2032, kilikuwa kimekufa. Kila umeme ulipokatika kompyuta ilisahau leo ni lini na kuanza upya tangu zamani. Kumbukumbu inayojua nani lakini haijui lini ni nusu ya shahidi. Tangu siku hiyo nikiingia ofisi yoyote, kabla ya kitu kingine naangalia saa iliyo pembeni chini ya skrini, na vibetri vyake natembea navyo kwenye begi.

Mwaka 2019 niliacha kazi, nikafungua duka langu Mtwara mjini, upande wa Chikongola: kuchapa, kutoa nakala, kutengeneza kompyuta. Ofisi huniita. Ninayokuta ni yaleyale kwa sura tofauti. Sehemu moja nilikuta mhasibu aliyehamia Dodoma zaidi ya mwaka bado "anaingia" kila asubuhi saa mbili kasoro. Wenzake walikuwa wanatumia jina lake kwa sababu lilikuwa na ruhusa nyingi. Niliwauliza, siku hesabu zikigoma, mtampigia simu Dodoma? Mtu akiondoka, akaunti yake ifungwe siku anayoagwa, kabla soda hazijaisha. Ifungwe, isifutwe, maana kazi aliyoifanya bado inahitaji kuwa na jina lake. Kwingine nilikuta kila mtu ana akaunti nzuri kabisa, lakini anainuka kwenda kunywa chai na kuiacha wazi. Kubonyeza kitufe cha Windows na L pamoja ni kazi ya sekunde moja, ila kuifanya iwe mazoea ya mkono kunachukua miezi. Nilikuwa nawaandikia ujumbe wa kipuuzi kwenye skrini zilizoachwa wazi, "leo nawanunulia wote chapati," na wakasimamiana wenyewe kulipa. Hilo limefanya kazi kuliko semina zangu zote.

Na nywila ya kuingilia Windows isimdanganye mtu kwamba imefunga diski. Kompyuta mpakato ya ofisi moja iliibiwa kwenye basi la usiku. Aliyeichukua, akiwa na bisibisi, angeichomoa diski na kusoma kila kitu bila kuulizwa chochote, kwa sababu haikuwa imesimbwa kwa BitLocker, kile kifungio cha Windows kinachogeuza diski nzima isisomeke bila ufunguo. Walikuwa na majina ya watu na namba za benki humo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika, tarehe 1 Mei 2023, simu za namna hiyo nimeanza kupigiwa kabla ya wizi, na ni maendeleo.

Lakini aibu kubwa kuliko zote iko kwetu sisi wenye steshenari. Msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu vijana wanapanga foleni, wengi hawana barua pepe, na fundi anawafungulia: anatunga nywila yeye, anaiandika kwenye daftari lake la kaunta, mara nyingi ileile kwa wote. Nimeyaona madaftari hayo. Nami nilikuwa nalo, mwaka wa kwanza. Mamia ya maisha ya watu kwenye daftari la shilingi elfu moja lenye mafuta ya maandazi. Nililichoma nyuma ya duka.

Mwaka jana wakati wa foleni hizo, bajaji ilisimama nje, dereva akashuka na mdogo wake aliyemaliza kidato cha sita. Nilimjua kabla hajavua kofia. Alikuwa ameongezeka mwili. Akanisalimia, "Dada, za siku," kama tuliachana juzi.

Nikamwambia. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi ile miaka mingi, ikatoka vibaya: kwamba ile mistari 14, huenda nilikuwa mimi, sijui, sina njia ya kujua.

Alitazama printa yangu, inatema karatasi za watu.

"Ile yenu ya kule bado inakula karatasi?"

"Sijui. Niliondoka."

"Ilikuwa inakula kweli," akasema. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Kaa hapo, dada akuonyeshe."

Nikafungua fomu ya barua pepe, tukajaza jina, tukajaza tarehe. Tulipofika kwenye mstari wa nywila nikamsukumia kijana kibodi, nikamweleza habari ya maneno manne, nikageukia ukuta, nikawa natazama kalenda. Nilisikia vitufe vikilia, vikanyamaza, vikalia tena, kwa muda mrefu kuliko wateja wangu wengi.